Aliyerudi kutoka Khartoum bila shahada



Ndugu Waislamu, vita vya Sudan vilizuka Jumamosi ya Aprili 15, 2023, katika kumi la mwisho la Ramadhani ya mwaka 1444, baina ya jeshi la Jenerali Burhan na kikosi cha Hemedti. Waislamu kwa Waislamu, tena wamefunga. Msiba huo unahitaji makala yake. Leo tunawazungumzia watoto wetu waliokuwa Khartoum siku ile. Kwa miaka mingi mzazi wa Tanga, Kondoa au Unguja aliyetaka mwanawe apate elimu ya dini pamoja na udaktari au uhandisi alimpeleka Sudan, na wengi walisoma Jamia ya Afrika, kusini mwa jiji hilo. Vita vikawafuata huko huko. Maji na umeme vikakatika, na mzazi huku akawa anapiga simu isiyopokelewa. Watanzania wapatao 200, wengi wao wanafunzi, wakatolewa kwa mabasi hadi Ethiopia, wakaletwa kwa ndege Dar es Salaam kabla Aprili haijaisha. Waliobaki mjini hawakusalimika wote. Juni 4 mwaka ule bomu liliangukia jamia hiyo hiyo, likaua raia 10 wa Kongo. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Waliorudi tuliwapokea kwa takbira na machozi. Mtihani ulianza wiki mbili baadaye.

Kijana mmoja tuliyemwandikia barua ya tazkiya alikuwa mwaka wa nne wa udaktari. Alirudi na begi la mgongoni. Vyeti vyake vyote vilibaki bwenini. Siku ya Ijumaa mzee mmoja akamwuliza mbele ya watu, "Mbona umerudi mikono mitupu?" Kijana hakuonekana tena msikitini hapo. Baba yake, aliyeuza shamba la minazi kwa ajili ya safari ile, hakumlaumu kwa neno lolote, ila aliacha kumtaja mbele ya wageni. Kijana alituambia kwamba ukimya ule ulimwelemea kuliko milio ya Khartoum, maana kule alikuwa na wenzake.

Wapo wanaosema mtafuta elimu mwenye kumtegemea Mola wake hakimbii. Hawa wameisahau safari ya Sayyidna Umar kwenda Sham. Alipofika Sargh akaambiwa kuna tauni mbele, akarejea. Abu Ubayda alipomwuliza kama anaikimbia kadari ya Allah, alimjibu kuwa wanatoka katika kadari ya Allah kuiendea kadari ya Allah. Na Suratun-Nisaa, aya ya 100, inatufahamisha kuwa aliyetoka nyumbani kwake kuhajiri kwa ajili ya Allah na Mtume wake, kisha mauti yakamkuta, ujira wake uko kwa Allah. Zamakhshari, katika tafsiri yake, ameingiza humo safari ya kutafuta elimu. Basi ikiwa aliyefia njiani hakupungukiwa na ujira, aliyenusurika tunamnyima heshima kwa hoja gani?

Na kupokea tunakujua. Rwanda iliwapokea wanafunzi wa udaktari kutoka Khartoum mwaka huo huo wa 2023, na Muhimbili yetu ikawapa Wasudani nafasi ya mafunzo ya vitendo.

Hatuwalaumu wazazi peke yao. Sisi masheikh tuliandika tazkiya nyingi, tukagonga mihuri, tukaomba dua, na vita vilipozuka hatukuwa na daftari lenye namba ya simu ya hata mwanafunzi mmoja. Akina mama walipotujia kuuliza, nasi tulikuwa tukisikiliza redio kama wao. Tangu hapo hatutoi tazkiya mpaka mwanafunzi atuachie nakala za vyeti na pasipoti na namba za wenzake wawili, na mzazi aahidi kwamba mwanawe atajiandikisha ubalozini. Wengine wanasema tunaweka vikwazo. Na waseme.

Kijana yule amekubaliwa katika chuo cha hapa nchini, kwa sharti la kuanza mwaka wa kwanza. Ada ya muhula wa pili haijatimia. Baba yake ndiye aliyekuja wiki iliyopita, akatuomba tuitangaze baada ya swala, na akataka jina la mwanawe litajwe. Tutalitaja leo, inshaallah.