Wagonjwa wa Covid ya muda mrefu walivyojipatia sauti mtandaoni

WAKATI Covid-19 ikisambaa duniani mwanzoni mwa mwaka 2020, ripoti ya wataalamu wa Shirika la Afya Duniani (WHO) waliokwenda China Februari mwaka huo ilieleza kuwa mgonjwa ambaye hakuzidiwa hupona kwa takriban wiki mbili.

Hata hivyo, wapo ambao wiki hizo zilipita, miezi ikafuata, bila nafuu. Walichoka kupita kiasi, mapigo ya moyo yakawaenda mbio, kumbukumbu zikawapotea. Kwa kuwa vipimo vilikuwa haba, wengi hawakuwa na cheti cha kuthibitisha kwamba waliugua. Baadhi yao waliambiwa na madaktari kuwa ni wasiwasi tu.

Kilichowakutanisha ni intaneti. Mei 2020, Elisa Perego, mwanaakiolojia kutoka Italia ambaye naye alikuwa mgonjwa, alitumia katika mtandao wa Twitter, ambao sasa unaitwa X, jina la Long Covid, yaani Covid ya muda mrefu. Jina hilo lilienea haraka hadi likaingia katika majarida ya kitabibu.

Wakati huohuo, katika kundi la mtandaoni lililoanzishwa na Body Politic ya New York, wagonjwa wenye ujuzi wa utafiti walianza kuwahoji wenzao. Ripoti yao ya kwanza, ya Mei 2020, ilihusisha watu 640. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 2021 ulifikia watu 3,762 kutoka nchi 56, na kuorodhesha dalili 203. Oktoba mwaka huohuo, WHO ilitoa tafsiri rasmi ya ugonjwa huo.

Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mgonjwa mmoja anayelalamika peke yake mbele ya daktari ni rahisi kupuuzwa. Maelfu wanaotaja dalili zilezile, bila kufahamiana, ni ushahidi ambao hauwezi kupuuzwa. Kwa mgonjwa asiyeweza kutoka kitandani, kundi la namna hiyo ni faraja pia, kwani huko hahitaji kuthibitisha kwamba anaumwa.

Pamoja na hayo, mtandao si hospitali. Hakuna kundi lililoleta tiba ya ugonjwa huo, na ushauri usiopimwa huweza kumdhuru anayeufuata.

Zaidi ya hapo, idadi kubwa ya waliojibu katika utafiti wa 2021 walikuwa wanawake weupe wa Marekani na Uingereza. Hao ndio waliokuwa na kompyuta, muda na lugha ya kusikika. Maumivu ya wasiokuwa na vitu hivyo hayakupungua kwa sababu hayakuandikwa. Ni wajibu wa wizara za afya na watafiti kuwafuata walipo, kwani ugonjwa hauulizi nani ana intaneti.