Wageni wa shanta na saa mbili za kwanza Tunduma

Nakonde ikiwa saa tatu asubuhi, Tunduma tayari ni saa nne. Mama anayevuka na ndoo ya nyanya kichwani hana haja ya kuambiwa, amezaliwa nalo jambo hilo. Lakini mtu na mkewe walioshuka kwenye basi la Lusaka, kila mmoja na shanta mgongoni, wamekwisha kupoteza saa nzima kabla hawajagongewa muhuri wa Tanzania. Wakiuliza usafiri wa kwenda Mbeya, wanaambiwa gari linatoka saa sita. Kwao saa sita ni alfajiri au magharibi. Wanatazamana, wanatazama jua lilipofika, na hawajui wacheke au wakimbie.

Wageni wa namna hii hupita Tunduma mwaka mzima. Wapo wanaotoka Cape Town wakielekea kaskazini kwa mabasi, wapo wanaoendesha baiskeli, na wapo wanaokuja na treni ya TAZARA kutoka New Kapiri Mposhi. Wengi hawalali Tunduma, na sababu si ukosefu wa gesti. Uamuzi wa kulala au kuondoka unafanywa ndani ya saa mbili za kwanza, na saa hizo mbili mji umewaachia wapigadebe.

Kinachotangulia ni fedha. Kijana anawafuata na bunda la noti na kikokotoo, sauti yake ya upole: "Bosi, kwacha? Dada, dola?" Anapiga hesabu mbele yao na kioo cha kikokotoo kinaonyesha kiasi cha haki. Anahesabu noti moja moja, anawapa, kisha anaziomba tena "ahakikishe". Zikirudi, bunda ni lile lile kwa unene, ila katikati noti kadhaa zimekunjwa zikahesabiwa mara mbili. Mchezo huu ni wa mipaka mingi duniani, na wabadilishaji waaminifu wapo, tena wengi. Tatizo ni kwamba mgeni hana namna ya kumtambua mwaminifu. Na shilingi anaihitaji mapema, kwa kuwa tangu Machi 2025 kanuni zinakataza bidhaa na huduma za hapa nchini kutozwa bei au kulipiwa kwa fedha za kigeni.

Tunduma si mji wa kwanza kuwa na saa ngumu kama hizi. Mgeni anayefika Delhi kwa mara ya kwanza hukutana nazo nje ya stesheni ya New Delhi, upande wa mtaa wa Paharganj wenye nyumba za wageni za bei nafuu. Mtu nadhifu humsimamisha na kumwambia ofisi ya tiketi imefungwa, au imehama, kisha humpeleka kwa wakala anayeuza tiketi ile ile kwa bei ya kuumiza. Shirika la reli la India halikuishia kuwaonya watu. Ndani ya stesheni hiyo hiyo, ghorofani, lina ofisi ya kuwahudumia wageni kutoka nje, na kwenye baadhi ya treni limewatengea nafasi. Matapeli hawajaisha, ila anayepanda ngazi zile anapata jibu la kweli.

Tunduma inakosa ngazi hizo. Kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa Oktoba 2019 na marais wa wakati huo, Magufuli wa Tanzania na Lungu wa Zambia, ni kazi ya kujivunia, na kimewapunguzia watu mzunguko wa kupanga foleni pande mbili. Lakini akili yote ya mahali pale imeelekezwa kwenye lori. Wakala wa forodha yupo, mizani ipo, na foleni ya malori inayonyooka kuelekea Mpemba inajulikana nchi nzima. Mwenye shanta akiuliza nauli halali ya bajaji hadi stendi, atakayemjibu ni dereva wa bajaji mwenyewe.

Kuna wanaosema wageni hawa ni maskini, hawana faida. Hiyo ni hesabu mbaya. Mtalii wa hoteli kubwa mara nyingi amelipa kifurushi chake akiwa kwao. Huyu wa shanta hulipa mkononi: sahani ya wali maharage kwa mama lishe, kitanda cha gesti, bodaboda, laini ya simu, maji ya chupa. Kwa mji ambao sensa ya 2012 iliukuta na watu wasiofika 100,000 na ile ya 2022 ikawakuta zaidi ya 200,000, wengi wao wakiishi kwa biashara ndogo, fedha inayofika mezani siku hiyo hiyo si ya kudharau.

Na pa kuwapeleka papo. Barabara ya Mbeya, ukishapita Vwawa hadi Mlowo, kuna njia ya kwenda kijiji cha Ndolezi kilipo Kimondo cha Mbozi. Ni pande la chuma lenye urefu wa mita kama tatu, uzito wake hutajwa kati ya tani 12 na 16, zaidi ya asilimia 90 ni chuma na sehemu kubwa ya kilichobaki ni nikeli. Wenyeji walikijua kabla ya mpima ardhi W. H. Nott kukitangaza kwa wageni mwaka 1930. Ardhi ilipochimbwa kukizunguka iliachwa nguzo ya udongo chini yake, ndiyo iliyojengewa zege, na hapo kimelala hadi leo. Mgeni anakigusa kwa mkono: kina vibonyo kama vya unga uliobonyezwa kwa vidole, na pembeni kuna alama ya msumeno palipokatwa kipande. Anayetoka Namibia pengine amekwisha kuona kimondo cha Hoba, kikubwa kuliko vyote vinavyojulikana. Angefurahi kukiona na hiki, lakini anapita Mlowo kwenye Kosta akiwa amesinzia, kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Hata jina la mkoa wenye Tunduma linamchanganya. Mkoa wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016, lakini uwanja wa ndege wa Songwe uko mkoa wa Mbeya. Na wageni wa kuchanganywa hivi hawatapungua: mwaka 2025 Tanzania na Zambia zilisaini mkataba na kampuni ya Kichina wa kuifufua TAZARA kwa dola bilioni 1.4. Reli ikisimama vizuri, shanta zitaongezeka.

Halmashauri ya Mji wa Tunduma haihitaji jengo jipya. Inatosha meza mbele ya kituo cha forodha, vijana wawili wenye vitambulisho, na ubao. Vijana wanaojua Kiswahili, Kinyamwanga, Kibemba na Kiingereza cha biashara hawatafutwi kwa tochi mjini hapa. Kwenye ubao iandikwe nauli ya bajaji hadi stendi, nauli ya Mbeya, bei ya kwacha na dola ya siku hiyo, na njia ya kwenda Ndolezi. Mstari wa juu kabisa, kwa herufi kubwa, uwe huu: Sasa uko Tanzania, sogeza saa yako mbele saa moja, gari la saa sita linaondoka jua likiwa utosini.