HESABU YA MOYO NA HESABU YA TAJIRI



Mwenzetu mmoja, mchukuzi wa mizigo katika hoteli moja ya ufuoni Diani, alishikwa na kifua akiwa kazini. Jina la hoteli hatulitaji, wala la mwenzetu, maana shauri lake bado liko mezani. Alibanwa kama mtu aliyewekewa gunia la nazi kifuani, jasho likamtoka, mkono wa kushoto ukafa ganzi. Msimamizi akamwambia ni gesi, anywe soda. Alifika hospitali baada ya muda wa saa nne. Alipona, na siku ya kumi na tano alikuwa kazini tena, masanduku ya wageni begani. Tulipokwenda kumwombea kazi nyepesi, Bwana Meneja alitujibu kwamba daktari amekwisha mpa alama mbaya, basi heri aagwe mapema.

Neno hilo ndilo lililotushikisha kalamu. Alama hizo ni nini?

Kuanzia mwaka 1999 madaktari walikusanya habari za wagonjwa wa mshituko wa moyo katika nchi 14 za Ulaya, za Amerika zote mbili, Australia na New Zealand. Afrika haikuwamo hata nchi moja. Hesabu iliyotoka huko huitwa GRACE. Hutazama mambo manane: umri, mapigo ya moyo, presha, figo, kama mapafu yamejaa maji, kama moyo ulisimama mgonjwa alipofikishwa, mistari ya ile mashini ya ECG, na kipimo cha damu kinachoonyesha kwamba nyama ya moyo imeumia. Kila jambo lina alama zake. Zikijumlishwa, daktari hupata kadiri ya hatari ya kufa hospitalini na katika miezi sita inayofuata.

Mengi ya hayo hayataki jengo la ghorofa. Mwaka 1967 Daktari Killip na Daktari Kimball wa New York waliandika habari za wagonjwa 250, wakawapanga hasa kwa kusikiliza vifua na kupima presha. Wenye mapafu safi walikufa 6 katika 100. Waliozidiwa kabisa, presha imeanguka na mwili umepoa, walikufa 81 katika 100.

Sasa Bwana Meneja na asikie. Hesabu hii iliundwa ili daktari ajue nani aharakishiwe dawa. Alama kubwa maana yake mtunze zaidi. Na tuseme katika watu 100 wenye alama kama zake hufa 10: je, wale 90 ni nani? Hakuna mashini inayojua mwenzetu yuko katika kumi au katika tisini. Lakini Meneja amejua! Tena amejua bila kumpima hata presha.

Hesabu ya daktari inauliza habari za miezi sita. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 30, inampa mgonjwa angalau siku 7 za mshahara kamili na siku 7 za nusu mshahara kwa mwaka. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa, na matajiri wetu wamekifanya dari. Ndiyo sababu mtu anarudi siku ya kumi na tano. Katika yale mambo manane hakuna pahali pa kuandika masanduku, wala dawa za kila siku zilizokatika kwa kukosa fedha, wala makato ya SHA. Tangu Oktoba 1, 2024 twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Tajiri akikata asipeleke, mwenye moyo mgonjwa ndiye anayerudishwa dirishani.

Turudi kwenye ile soda. Mwaka 1988 ulitangazwa uchunguzi wa wagonjwa 17,187. Wasiopewa aspirini wala dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda walikufa 13 katika 100 kwa wiki tano. Waliopewa zote mbili walikufa 8. Aspirini ya kutafuna, kwa asiyekatazwa na daktari na asiye na vidonda vya tumbo, bei yake haifiki bei ya soda. Ile dawa ya kuyeyusha hutakiwa ndani ya saa 12, na kila saa inayopita inapunguza faida yake. Kutoka Msambweni hadi Likoni ni zaidi ya kilomita 40, na kivuko kiko mbele. Njia ya Dongo Kundu ipo, lakini nani atatoa gari usiku?

Na sisi tusijitakase. Wangapi wetu husema ni upepo mbaya, wakangoja kukuche?

Chama kitadai haya kwa waajiri wa Diani, Ukunda na mashamba ya miwa: aspirini na mtu aliyefundishwa huduma ya kwanza kila zamu, gari la kuondoka mara moja, kazi nyepesi kwa miezi sita bila kupunguziwa mshahara, na hati ya kuonyesha kila mwezi kwamba makato yamefika kabla ya tarehe 9. Madai yatasomwa katika mkutano ujao wa tawi, Ukunda. Kila mtu aje na karatasi zake za mshahara za miezi mitatu iliyopita, hata vibarua.