Mtaro wa Gitothua Waishia Kwenye Matumbawe ya Malindi

Mvua kubwa ikinyesha Gitothua, Ruiru, mitaro hufurika kwa saa moja hivi, kisha nepi, chupa za soda na tope jekundu vyote huondoka. Mwenye nyumba hushukuru kwamba mlangoni pamesafika. Uchafu haujaisha, umesafiri. Unaingia mto Ruiru, unapokewa na Athi, unapita maporomoko ya Fourteen Falls palipojaa povu na plastiki, unakuwa Galana, kisha Sabaki, hadi unamwagika baharini kati ya Malindi na Mambrui.

Huko ndiko tunakomwomba msomaji wa Ruiru atazame. Tumbawe wengi hulidhania jiwe, kumbe ni vinyama vidogo vinavyojijengea nyumba ya chokaa na kulishwa na vijimea vilivyomo mwilini mwao. Vijimea hivyo huhitaji jua. Tope likitanda, mwanga hukatika, na vinyama hubaki kujipangusa badala ya kukua. Msimu wa kaskazi, maji mekundu ya Sabaki husukumwa kusini, kuelekea hifadhi ya bahari ya Malindi iliyotengwa mwaka 1968. Matumbawe hayo yana majeraha tayari: joto la 1998 liliyaua kwa wingi. Changu, tafi na pweza wakikosa makao, mvuvi huinua dema tupu. Naye kasa humeza mfuko wa plastiki unaoelea akidhani ni konyeza, miaka mingi baada ya mifuko hiyo kupigwa marufuku, Agosti 2017.

Tope jingi hutoka mashambani, hilo ni kweli, na wakulima wa nyanda za juu wana deni lao. Lakini plastiki na maji taka ni deni letu sisi wa mijini. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 371,000 katika kaunti ndogo ya Ruiru, na majumba ya kupangisha yanazidi kuinuka hata pasipofika bomba la maji taka.

Kanuni za ubora wa maji za 2006 zinakataza ujenzi na kilimo kando ya mto, kuanzia mita 6 hadi 30. Mamlaka ya mazingira, NEMA, ipige vigingi vya mpaka huo Ruiru, watu wauone kwa macho. Kaunti ya Kiambu isiidhinishe ghorofa lisilo na mahali pa kupeleka maji taka, na lori la taka lifike mitaani kabla ya mvua za Oktoba, si baada yake.