KITAMBULISHO SI SADAKA YA SERIKALI



Yako mambo ambayo Mkenya wa Nyeri au Kisumu huyapata bila ya kuyatafakari. Hutimiza umri wa miaka 18, huenda kuandikishwa, huchukuliwa alama za vidole, kisha hungoja kitambulisho chake. Kijana wa Garissa, Wajir au Mandera huufikia umri huo huo chini ya Katiba hiyo hiyo. Lakini kwa zaidi ya miaka 30 yeye amesimamishwa mbele ya kamati ya msasa, akaulizwa ukoo wake na babu zake, ili watu wengine waamue kama yeye ni mwananchi au ni mgeni.

Twalileta jambo hili mbele yenu kwa kuwa wengi hulidhania kuwa ni la Wasomali na siasa zao. Sivyo. Hili ni jambo la kazi, la biashara na la soko. Katiba ya mwaka 2010 inampa mfanyakazi haki ya kutendewa kwa uadilifu katika Kifungu cha 41, na inamlinda mnunuzi katika Kifungu cha 46. Maneno hayo ni mazuri. Lakini asiye na kitambulisho haandikwi kazi ya halali, wala hapati namba ya kulipia kodi. Hasajili biashara, hafungui akaunti ya benki, hasajili laini ya simu kwa jina lake, na kwa hiyo hatumi wala hapokei pesa kwa simu. Soko la mifugo la Garissa ni miongoni mwa masoko makubwa ya nchi hii, lakini kijana wa namna hiyo huingia sokoni humo akiwa mtumwa wa jina la mwingine. Akidhulumiwa ujira wake, atamshtaki nani, naye mwenyewe hayumo katika daftari lolote? Na akitaka kusafiri kwenda Nairobi kutafuta riziki, kizuizi cha barabarani chamngoja.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huku kwetu mwenyeji ndiye aliyenyimwa jembe.

Tusisahau chanzo chake. Eneo hili lilitawaliwa kwa sheria za hali ya hatari tangu miaka ya mwanzo ya uhuru. Damu ilimwagika Garissa mwaka 1980 na Wagalla mwaka 1984. Mnamo Novemba 1989 serikali iliamuru Wasomali wote waliotimiza miaka 18 wachujwe, na waliokubaliwa wakapewa kadi ya pili ambayo Mkenya mwingine hakutakiwa kuwa nayo. Mwaka 1991, mwaka ule ule ambao Kifungu cha 2A kiliondolewa na vyama vingi vikarudi, sheria za hali ya hatari nazo zilifutwa Kaskazini Mashariki. Tulishangilia yote mawili. Lakini msasa ulibaki. Vyama vingi vina faida gani kwa mtu ambaye hawezi kupiga kura kwa chama hata kimoja?

Kisha ukaja msiba wa pili. Ukame ulipoua mifugo, familia nyingi za Wakenya zilikwenda katika kambi za Dadaab kutafuta chakula, matibabu na shule, zikajiandikisha kama wakimbizi. Watoto walioandikwa kwa ajili ya kibaba cha unga walipokua, mashine iliwatambua kwa vidole vyao ikasema: hawa si Wakenya. Njaa ya mtoto ikawa kosa la mtu mzima.

Mwaka 2025 ulileta habari njema mbili. Mwezi Januari, katika shauri lililofikishwa mbele yake na waathiriwa pamoja na shirika la Haki na Sheria, Mahakama Kuu ya Garissa iliamua kwamba wananchi walionaswa katika daftari la wakimbizi wamenyimwa haki yao. Tarehe 5 Februari, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia sahihi tangazo la kuufuta msasa wa ziada katika kaunti za mipakani.

Tunashukuru, lakini hatulali. Tangazo si sheria. Kilichotolewa kwa kalamu ya mtu mmoja chaweza kufutwa kwa kalamu ya mwingine, au kupingwa mahakamani, au kupuuzwa na karani wa wilaya. Sisi tuliojifunza siasa chini ya utawala wa amri hatuwezi kusifu amri kwa sababu tu safari hii imetupendeza. Tunataka Bunge liirekebishe Sheria ya Usajili wa Watu, ili masharti yawe yale yale kwa kila Mkenya, muda wa kujibiwa uwekwe, na anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi.

Wako watakaotuuliza: na usalama je? Swali hilo si la kudharauliwa. Tuliwazika waumini waliouawa makanisani Garissa tarehe 1 Julai 2012, na watu 148 waliouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015. Lakini mmoja wa wauaji wa chuoni alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu. Huyo hakuwa mtu asiyejulikana na serikali. Kumnyima mtu karatasi hakumfichui mwovu, kunamficha mwema. Serikali isiyowaandika watu wake haiwezi kusema inawajua.

Nanyi waumini wa makanisa, kumbukeni kwamba tarehe 21 Desemba 2015, ndani ya basi karibu na El Wak, abiria Waislamu walikataa kutengwa na Wakristo, ili wauaji wasiwajue wa kuwaua. Hawakumwuliza mtu kitambulisho. Basi nasi tusingoje jirani atulilie. Tumwandikie mbunge wetu, tuwasindikize vijana hadi ofisi ya usajili, na tuandike tarehe na jina la kila afisa atakayewarudisha. Kifungu cha 12 kimekwisha kusema kwamba hati hizi ni haki ya mwananchi. Ahadi ni deni, na deni hili limechelewa mno.