Mnara Una Kinga, Mlinzi Hana



Yako maombolezo yanayopewa kurasa za mbele za magazeti, na yako maombolezo yasiyosikika hata na jirani wa mlango wa pili. Tangu mwaka 2023 makampuni makubwa ya kimataifa yamekuwa yakiomboleza kwa sauti kuu juu ya nchi ya Nigeria. Yanasema kwamba sarafu ya nchi hiyo, naira, ilianguka ikayaangukia. Sisi hatukatai kwamba yaliumia. Tunachokataa ni namna hesabu ya maumivu hayo inavyosomwa mbele ya watu, kana kwamba katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 200 aliyepata hasara ni mwenye hisa peke yake.

Mtauliza, Nigeria inatuhusu nini sisi wa upande huu wa bara? Wazee wetu wa Tanzania hawatauliza hivyo. Wanakumbuka mwaka 1986, shilingi iliposhushwa kutoka takriban 17 kwa dola moja hadi 40, na jinsi ilivyoendelea kuteremka miaka iliyofuata. Ndugu zetu wa Kenya hawajasahau Januari 2024, dola moja ilipofika karibu shilingi 160. Yaliyotokea Nigeria ni somo letu lililoandikwa kwa herufi kubwa, na afadhali tulisome likiwa bado la mwenzetu.

Tarehe 14 Juni 2023, wiki mbili tu baada ya Rais Bola Tinubu kushika madaraka, Benki Kuu ya Nigeria iliacha kuishikilia naira kwa nguvu. Siku iliyotangulia dola moja ilikuwa kama naira 470. Kufikia mwisho wa mwaka ilikuwa naira 900 na zaidi, na mwezi Februari 2024 ikapita 1,500. Kwa muda wa miezi minane naira ilikuwa imebakiwa na chini ya theluthi moja ya thamani yake ya zamani.

Hapo ndipo vilio vilipoanza. Kampuni ya simu ya MTN Nigeria, ambayo mama yake yuko Afrika Kusini, ilitangaza hasara ya naira bilioni 137 kwa mwaka 2023, na ya naira bilioni 400 kwa mwaka 2024. Nestlé Nigeria, binti wa kampuni ya Uswisi, ilitangaza hasara ya naira bilioni 79 na zaidi kwa mwaka 2023, kisha naira bilioni 164 kwa mwaka 2024. Kwa mtu asiyezoea mizania, hizi ni habari za msiba. Lakini mgeukeni ukurasa. Katika mwaka huohuo wa 2024 mauzo ya MTN Nigeria yaliongezeka kwa zaidi ya theluthi moja, na mauzo ya Nestlé Nigeria yaliongezeka kwa asilimia 75 hivi kwa hesabu ya naira. Watu waliendelea kupiga simu na kununua maziwa ya unga, kwa bei mpya. Hasara basi ilitoka wapi?

Chukueni mfano mwepesi. Kampuni imekopa dola 100 wakati dola moja ni naira 460. Katika daftari lake imeandika deni la naira 46,000. Mwaka unapita. Haijakopa senti nyingine, wala ghala lake halijaungua. Lakini dola sasa ni naira 1,500, na deni lilelile linasomeka naira 150,000. Tofauti ya naira 104,000 inaandikwa kuwa ni hasara ya ubadilishaji fedha. Ni hasara ya kweli kwa yule atakayelazimika kutafuta naira za kununulia dola hizo. Wala hatusemi kwamba ni uongo wa wahasibu.

Ila swali linalofuata halisomwi katika mikutano ya wanahisa kwa sauti inayotosha: deni hilo anadai nani? Nestlé Nigeria ilikuwa na mikopo mikubwa ya dola kutoka kwa kampuni mama yake yenyewe. Mama alimkopesha binti kwa dola, naye binti akauza kwa naira. Naira ilipoanguka, binti alionekana amefilisika mbele ya watu, huku dola anazodaiwa na mama zikibaki zilezile na riba yake juu. Sheria inaruhusu. Lakini mwenye macho ataona kwamba mwenye mali huyohuyo anasimama pande mbili za mizani. Mkono mmoja unalia kwa sababu ya deni ambalo mkono mwingine unalidai. Tena katika miaka ya neema sehemu kubwa ya faida iligawanywa kuwa gawio, na theluthi mbili hivi za hisa zilikuwa za mama. Zingebaki fedha nyingi zaidi katika nchi zilikopatikana, haja ya kukopa dola ingekuwa ndogo zaidi.

Habari ya MTN ni tofauti kidogo, nayo yafundisha zaidi. Kampuni hiyo haikumiliki minara yake mingi bali iliikodi, na mikataba ya kukodi ilikuwa na kifungu kilichofunga sehemu ya kodi kwenye thamani ya dola. Naira ikishuka, kodi inapanda, bila mgomo wala maandamano. Mwenye mnara alikwisha kuyaona mawingu mapema, akajijengea paa ndani ya mkataba. Mwaka 2024 pande hizo mbili zilikaa tena mezani na kurekebisha masharti, kwa kuwa mzigo ulikuwa umezidi. Wakubwa wakiumizana, husikilizana.

Sasa mtazameni mlinzi anayekesha chini ya mnara huo. Mshahara wa chini wa Nigeria uliwekwa mwaka 2019 kuwa naira 30,000 kwa mwezi, zaidi ya dola 80 kwa bei ya wakati ule. Februari 2024 naira hizo 30,000 zilikuwa dola 20. Hakuna kifungu kilichompandishia. Gunia la mchele la kilo 50 lilikuwa limepita mshahara huo wa mwezi mzima, na kulipita mbali. Juni 2024 mfumuko wa bei za vyakula ulipita asilimia 40 kwa mwaka. Ilibidi vyama vya wafanyakazi vifunge nchi kwa mgomo mwezi huohuo, na ndipo mwishoni mwa Julai 2024 sheria ikaupandisha mshahara wa chini kuwa naira 70,000. Fedha hizo zilipoanza kulipwa zilikuwa dola 44 hivi, kama nusu ya kile kilichoahidiwa mwaka 2019. Huyu hakuandikiwa hasara mahali popote. Hana mizania, wala hana mkaguzi wa hesabu wa kuweka sahihi chini ya njaa yake.

Tarehe 21 Desemba 2024 watu walifurika alfajiri kwenye uwanja wa kanisa Katoliki la Utatu Mtakatifu, mtaa wa Maitama mjini Abuja, kupokea chakula cha msaada wa Noeli. Watu 10 walikufa katika msongamano, na miongoni mwao walikuwamo watoto. Maitama ni mtaa wa matajiri na wa mabalozi. Siku hiyohiyo wengine walikufa vivyo hivyo wakisubiri mchele huko Okija, na siku tatu kabla, watoto 35 walikuwa wamekufa mjini Ibadan. Hatusemi kwamba kampuni fulani iliwaua. Twasema kwamba hayo nayo ni matokeo ya mwaka wa fedha 2024, na hayakuingizwa katika ripoti yoyote ya mwaka.

Wapo waliochagua kuondoka. Agosti 2023 kampuni ya dawa ya GSK ilitangaza kufunga biashara yake nchini Nigeria baada ya zaidi ya miaka 50. Desemba 2023 Procter & Gamble ilitangaza kwamba haitatengeneza tena bidhaa zake humo, bali itaziingiza kutoka nje. Juni 2024 Diageo ilitangaza kuuza hisa zake nyingi katika Guinness Nigeria, ambayo kiwanda chake cha Ikeja kilifunguliwa mwaka 1962. Haki ya mfanyabiashara kuondoka hatuipingi. Hakuna anayefungwa kamba mguuni. Lakini mfikirieni mgonjwa wa pumu. Kampuni ilipoondoka, dawa za kupuliza alizozizoea ziliadimika, na bei yake ikapanda mara kadhaa. Mwekezaji ana mlango wa kutokea. Mgonjwa ana kifua kilekile, katika nchi ileile.

Hapa haki yatudai tuseme na upande wa pili, maana chama cha kulaumu wageni kina wanachama wengi wavivu. Serikali ya Nigeria kwa miaka mingi ilishikilia bei ya naira isiyo ya kweli. Wenye kujuana na wakubwa walinunua dola kwa bei ya chini na kuziuza pembeni kwa bei ya juu. Mashirika ya ndege yaliuza tikiti kwa naira, yakaomba dola za kupeleka kwao, yasizipate. Juni 2023 fedha zao zilizozuiliwa zilizidi dola milioni 800. Mfanyabiashara mwaminifu aliyezuiliwa haki yake namna hiyo alidhulumiwa, na tumwite hivyo. Nchi iliyotegemea mafuta ghafi kwa sehemu kubwa ya fedha zake za kigeni, huku ikiagiza ngano na hata petroli kutoka nje, ilikuwa imejichimbia shimo kabla ya mgeni yeyote kufika na koleo lake.

Lakini mzigo ulipoanguka, uligawanywaje? Hilo ndilo shauri letu. Makampuni yalipandisha bei na kupunguza ukubwa wa pakiti. Nabii Amosi aliwajua wachuuzi wa namna hiyo, wenye kibaba kidogo na jiwe zito la mizani. Januari 2025 tume ya mawasiliano ya Nigeria iliruhusu makampuni ya simu kupandisha gharama hadi asilimia 50. Na tazameni: katika miezi tisa ya kwanza ya mwaka 2025, MTN Nigeria ilipata faida ya zaidi ya naira bilioni 700. Nestlé Nigeria nayo ilirudi kwenye faida katika nusu ya kwanza ya mwaka huo. Twafurahi kwamba ajira hazikufa. Ila aliyeyavusha makampuni hayo ni nani, kama si yule mwenye naira 70,000 aliyelipa nusu bei zaidi kwa salamu anazompigia mama yake kijijini? Yeye alishiriki hasara kwa lazima. Katika faida hakuitwa.

Wataalamu watatujibu kwamba mishahara ikifungwa kwenye thamani ya sarafu, bei zitazidi kupanda na uchumi utavurugika. Jibu hilo tumelisikia tangu miaka ya mipango ya kurekebisha uchumi. Mbona halikutolewa kwa mwenye mnara? Kodi yake ilikuwa imefungwa kwenye dola kwa miaka, na hakuna profesa aliyeandika kwamba minara italeta mfumuko wa bei. Papa Leo wa 13 alifundisha mwaka 1891 kwamba ujira wa haki haupimwi kwa makubaliano ya pande mbili peke yake, maana mwenye njaa hukubali chochote. Naira 30,000 za mwaka 2019 na naira 30,000 za mwaka 2024 zina jina moja tu. Anayelipa ya pili akidai ametimiza mkataba wa kwanza, amelipa jina.

Kwa hiyo walei walioko katika vyama vya wafanyakazi, katika halmashauri na katika Bunge wasiogope kudai. Mkataba wa pamoja wa mishahara uwe na kifungu cha kufungua mazungumzo upya sarafu inaposhuka kupita kiwango kilichokubaliwa, bila kungoja miaka mitano. Kila kampuni tanzu ieleze hadharani, kwa lugha anayoielewa mfanyakazi wake, imekopa kiasi gani kwa mama yake na kwa riba gani, na inamlipa ada gani kwa ajili ya jina na ufundi. Mwezi Machi 2025 Serikali ya Tanzania ilitoa kanuni za kukataza bidhaa na huduma za ndani kutangazwa au kulipwa kwa fedha za kigeni. Ni hatua njema. Mpangaji asiyelipwa kwa dola hana sababu ya kudaiwa pango la dola. Lakini kanuni hiyo yamlinda anapolipa. Bado haijamlinda anapolipwa.

Na kabla hatujaandika barua kwa wakurugenzi wa Lagos na Vevey, tufungue daftari letu wenyewe. Halmashauri ya parokia inaajiri katekista, mlinzi, mpishi wa nyumba ya mapadre, mfagiaji wa kanisa. Ankara ya umeme ikipanda hulipwa mwezi uleule, na saruji ya ukumbi mpya hununuliwa kwa bei ya siku. Katika kikao kijacho mweka hazina na asome, mbele ya wajumbe wote, mshahara wa kila mmoja wa watu hao na mwaka ulipopangwa, kisha aseme mshahara huo ulinunua debe ngapi za mahindi mwaka ule, na ngapi leo.