Uchunguzi uliofika mbele ya kifo: wakati katika mchezo wa Priestley

Kwa kawaida mtu anakufa kwanza, kisha uchunguzi unafuata, tena mara nyingi kwa kuchelewa. Mwandishi Mwingereza J. B. Priestley aligeuza utaratibu huo. Katika mchezo wake An Inspector Calls, uliochezwa kwanza Umoja wa Kisovieti mwaka 1945, kisha London mwaka 1946, inspekta anauliza watu juu ya kifo ambacho bado hakijatokea.

Tuko mwaka 1912. Familia ya Birling, tajiri mwenye kiwanda, iko inafanya karamu. Inspekta anaingia: msichana Eva Smith amekunywa dawa kali, amekufa. Nani alimuua? Hakuna aliyemshikia kisu. Lakini baba alimfukuza kiwandani juu alidai mshahara uongezwe. Binti akafanya afukuzwe dukani. Mchumba wa binti akamweka, kisha akamwacha. Mwana akamtia mimba. Mama akamnyima msaada.

Inspekta anaondoka. Wanapiga telefone: polisi hawamjui inspekta huyo, hospitalini hakuna maiti. Wazazi wanafurahi, wanaona mambo yamekwisha. Watoto wao wawili wanakataa: yale tuliyofanya, tuliyafanya kweli. Ndipo telefone inalia. Msichana amekufa sasa hivi, na inspekta yuko njiani.

Priestley alikuwa anafuata watu waliofikiri kwamba wakati hauendi mbele tu sawa mto. J. W. Dunne, katika kitabu cha mwaka 1927, alisema ndoto zinaweza kuonyesha mambo ya kesho. Mrusi P. D. Ouspensky aliandika kwamba maisha yanarudia yaleyale, isipokuwa mtu abadilike. Sayansi haikuthibitisha mawazo hayo. Lakini Priestley alikuwa amepigana vita ya 1914-1918, kisha akaona vita ya pili. Katika mchezo, Birling anahakikisha kwamba vita haitakuja. Watazamaji wa 1945 walijua yaliyofuata.

Kumbe mchezo unampa kila mmoja nafasi ya pili. Watoto wanaipokea, wazee wanaitupa kwa sababu hawaoni maiti.

Sisi wakaaji wa mashariki tunajua uchunguzi unaoanza kaburi likiwa limekwisha kufunikwa. Kwa hiyo, tusishindane sana inspekta alikuwa nani ao alitoka wapi. Tujiulize: yule tuliyemfukuza kazini ao kumnyima msaada jana, leo yuko wapi? Kama angali hai, bado tunaweza kumtafuta.